Kasha la Twyla

Dada Nadine mpendwa,

Napenda kuutangazia ukoo mzima kwamba Jumamosi nilinunua mkanda mpya wa suruali, na tumbo langu limeukubali kwa shingo upande.

Niliununua kwenye duka la bunduki, mke wangu Twyla alipokwenda kuchagua bastola yake ya kwanza. Anasema anataka kushindana kwenye uwanja wa shabaha. Muuzaji akamletea kijibastola cha waridi.

"Hicho kampe mama yako, kaka," Twyla akamwambia, akachukua nyeusi iliyomjaa mkononi, na ala yake, na viziba masikio. Nikacheka. Kisha akachagua kasha la chuma linalofunguka kwa alama ya kidole, lenye nafasi ya bastola mbili. Akasajili kidole chake peke yake.

Hapo nikaanza kumshuku. Mke wangu hajawahi kuua hata panya. Anamwogopa nani, na mimi ananificha nini? Juzi nikakuta bastola yangu ya zamani haipo kwenye droo.

"Twyla, ya kwangu iko wapi?"

"Imelala na ya kwangu, mzee. Ukiitaka sema, twende wote uwanjani."

"Huniamini?"

"Tangu tumzike Dwight, hapana."

Nadine, ukweli ni huu. Wiki mbili baada ya kumzika kaka yetu, nilikaa kitandani asubuhi na ile bastola mapajani. Twyla aliniona kutoka mlangoni, nami sikujua. Jana nimemweleza yote. Alhamisi ananipeleka kwa daktari, na nimekubali. Nipigie simu.

Nduguyo,
Verlin