Kilichopumua Karibu Yangu

Mama yangu mpenzi wa Miono, shikamoo. Mimi mzima.

Leo asubuhi hapa Mlingotini nilikuwa nikijizoeza kuogelea, maana baada ya Idi tutashindana kutoka hapa hadi Bagamoyo. Mjomba Makame alinifuata na mtumbwi, akinikaripia kila nilipolegea. Tulipokuwa mbali na pwani, mkono wangu uligusa kitu laini, kikubwa kama mwamba. Nikataka kukishika nipumzike. Kikapumua! Maji yakaruka juu, yakanimwagikia usoni, yananuka shombo. Mama, alikuwa nyangumi, na mtoto wake ubavuni. Jicho lake lilinitazama.

“Usipige maji, Sefu!” Mjomba akasema kwa sauti ya chini. “Jilaze tu.”

Nikajilaza, huku nikitamka shahada. Wakazama polepole, wakaenda zao.

Mjomba akanivuta mtumbwini. Nikangoja makofi, lakini alinikumbatia akalia kwa kwikwi. “Ningemwambia nini dada yangu?”

Mama, tangu mlipogombana sijapata kumsikia akikutaja. Nilishtuka kuliko nilivyomshtukia nyangumi. Sasa amekaa kando yangu, ananihimiza nikuandikie kwamba anakusalimu sana, na kwamba akipata ruhusa yako atakuja Miono.

Nakubusu mikono, mama. Mola akuhifadhi, na mvua iwafikie mashambani.

Mwanao,
Sefu