Kwa Baba Jacktone, Aliyetuita Lepe

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulale usiamke, na katika yote uliyotuachia ni neno lako moja lililotusumbua zaidi.

Lepe. Ndivyo ulivyomwita kila aliyesinzia: Ivan juu ya kitabu chake, askari wa getini, hata Mama katikati ya mahubiri. "Haya, Lepe wangu," ulikuwa ukisema kwa sauti ya chini. Kisha unamtoa kikombe mkononi kisije kikamwagika, unapunguza redio, unamfunika shuka. Ulikuwa dobi wa hoteli Diani maisha yako yote ya kazi, na mikono yako ilijua kumfunika mtu bila kumwamsha.

Tukikuuliza Lepe ni nani, ulijibu kwamba ni jirani wa zamani kule Ukunda, ila hamkuwahi kuonana. Tulidhani ni utani wako.

Mama alitaka neno hilo liandikwe kwenye jiwe la kaburi lako Bondo. Baba mdogo Hesbon akakataa. "Hicho si Kijaluo. Mimi nilidhani ni lugha yenu ya pwani." Wenzako wa hotelini nao walidhani ni Kijaluo. Mama akakosa raha. Aliogopa asije akakuandikia tusi, na hakutaka kukuachia jiwe lenye jina na tarehe tu.

Basi mwanao Gillian akampeleka Mama Kibuyuni kwa Bi Hanifa, mwenye nyumba wako wa kwanza kule Ukunda, ambaye siku hizi anakaa na bintiye mkulima wa mwani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni."

Walipolitaja neno, alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Jacktone huyo. Mimi nikiona watoto wanasinzia nasema, lepe limewapitia. Lepe la usingizi. Yeye ndio kwanza kafika kutoka bara, hiyo 'li' haimwingii sikioni. Akanijia kwa adabu zake, 'Bi Hanifa, huyu Lepe anayewapitia watoto kila jioni anakaa nyumba gani? Mbona hasalimii?' Nilicheka nikashindwa kumrekebisha. Tangu hapo kila anayesinzia, yeye humwita Lepe."

Kumbe shuleni tulilisoma, Baba. Hatukulitambua kwa sababu wewe ulilitaja kama jina la mtu unayemheshimu.

Mama alicheka naye, kisha akalia. Bi Hanifa akamshika mkono. "Si tusi, mwanangu. Andika."

Jiwe liko tayari. Fundi alitaka kuandika "Lepe limempitia," kama inavyotakiwa. Mama akamkatalia, na Baba mdogo Hesbon akasimama upande wa Mama. Limeandikwa kwa Kiswahili chako: "Lepe amempitia."

Tunaokukumbuka ni mkeo Eddah, wanao Gillian na Ivan, ndugu yako Hesbon, na Bi Hanifa wa Kibuyuni. Hutatutoka moyoni kamwe.

Lala, Lepe wetu. Redio tumeipunguza.