Picha ya Winfred Ndinda Akiwa Ameketi

Mwaka umetimia leo, Winfred Ndinda, tangu rafiki yako Loice atupigie simu kutoka Doha kutuambia kwamba ulilala na hukuamka. Tumekulilia vya kutosha. Sasa tuna neno nawe, na majirani wakisikia, wasikie.

Ulikuwa mwema, hilo halina ubishi. Miaka tisa ulikuwa soja, ukilinda kiwanja cha barafu ndani ya jengo la maduka, ukivaa sweta mbili katika mji wa jua kali. Kila Ijumaa, ukitoka kanisani Mesaimeer, ulimpigia Mama na kumjulia hali hata kuku wake, mmoja mmoja. Kwaya uliimba vibaya, ulijua hivyo, na hukuacha.

Lakini ulitudanganya.

Mdogo wako Milka alikuwa anahitimu diploma, wa kwanza kwetu kuvaa joho. Uliahidi kuwepo. Wiki moja kabla, ukapiga simu.

"Milka, mudir, mkubwa wangu wa kazi, amekataa likizo. Nimemwomba mpaka ulimi umekauka."

"Si uliniambia alishakubali?"

"Amegeuka, mtoto wa mama. Wakubwa hugeuka."

Milka alikuamini. Alhamisi ya mahafali aliweka mkoba kwenye kiti ulichotengewa ili mtu asikikalie, akamfukuza hata mjomba. Jumamosi habari ya kifo chako ikafika, na Milka akamlaani mudir huyo hadharani, mbele ya pasta.

Kisha Loice, uliyeishi naye chumba kimoja Al Wukair, akaleta sanduku lako. Milka ndiye aliyelifungua. Juu kabisa palikuwa na karatasi ya likizo iliyotiwa sahihi: siku thelathini, kuanzia kabla ya mahafali. Akawasha simu yako, akakuta picha. Uko kwenye viti vya watazamaji, skafu nyekundu shingoni, mdomo wazi, unashangilia mashindano ya wanawake ya kelingi, ule mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu. Tarehe ni ile ile ya mahafali.

"Alikuwa mchezoni?" Milka akauliza.

"Wee, usiniangalie hivyo," Loice akajibu. "Mimi nilimwambia, enda kwanza kwa mtoto. Akasema mashindano ni wiki hii tu, na tiketi ya kuja nyumbani amekata ya Jumapili."

"Mawe, Loice! Dada yangu ameniacha kwa sababu ya mawe!"

"Soja haangalii barafu, Milka. Anaangalia watu, barafu iko mgongoni. Miaka tisa amesikia mawe yakigongana na hajawahi kuona hata moja likifika. Siku hiyo wale wanawake walikuwa wanafagia mbele ya jiwe wakipiga kelele, na yeye juu kule anawashinda kwa kelele. Kwa Kikamba!"

Kaka yako Jeremiah alicheka hadi akatoa machozi. Milka hakucheka. Ungesema, Ndinda. Ungesema, "Nataka siku moja iwe yangu." Angenuna, angelia, kisha angekukubalia. Badala yake ulimtwika mudir lawama isiyo yake, ukamwacha mdogo wako akilinda kiti kitupu kama soja.

Gazeti lilipoomba picha ya tangazo hili, Milka alitoa ile ya sare, umesimama wima mlangoni. Mama akaisogeza kando, akashika simu yako.

"Hiyo, Mama? Ya siku ile?"

"Hii hii. Hizo zingine zote, mwanangu amesimama."

Ndiyo mnayoiona hapo juu. Milka ndiye aliyeipeleka gazetini, kwa mkono wake.

Unakumbukwa na mama yako, Priscah Syombua. Kaka yako Jeremiah. Mjomba, aliyekosa kiti. Loice, aliyekurudisha kwetu. Na Milka, ambaye bado ana hasira nawe.

Kaa, dada. Hatutakusahau, hata tukiwa tumekununia.