Mzee Orval na Ngao ya Zimamoto

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Harlan Forks, Ohio
Tarehe 16 Machi 2023

Jina: Verna Tackett
Umri: Miaka 74
Kazi: Mpishi wa shule, mstaafu
Makazi: Jengo la wazee la Maple Court, ghorofa ya tatu

Naeleza haya kwa hiari yangu, bila kutishwa na mtu. Aliyejaribu kunitisha ni Dwight Pomeroy, meneja wa jengo letu, na hakuniweza.

Jirani yangu Orval Stidham ana miaka 81. Mkewe alishafariki, mtoto hana. Zamani alikuwa akianguka mara kwa mara, na kila akianguka anapiga namba ya dharura. Zimamoto wanakuja na king'ora, wanamwinua, wanamkalisha kitini, wanaondoka. Haumwi popote, ila kuinuka hawezi.

Mwaka jana zimamoto wakamtuma mwenzao, Marisol Prewitt, awe anatutembelea wazee. Binti yule Mungu ambariki. Alitoa zulia lililokuwa likimtega Orval, akafunga vyuma vya kushikia bafuni, akamfundisha kuinuka kwa kushika kiti. Alimwambia mbele yangu: "Ukianguka na huumwi, nipigie mimi. Ukiumia, piga dharura, wala usimuulize mtu." Simu zikapungua kweli.

Pomeroy akasikia zimamoto watatoa ngao kwa jengo lililopunguza simu kuliko mengine. Basi wazimu ukampanda. Alitukusanya ukumbini akasema: "Atakayeita zimamoto kabla sijapokea ngao, atafute pa kuishi."

Nikamwambia, "We kijana, hivi una mama wewe?"

Akacheka. Orval hakucheka, maana hana pa kwenda.

Mnamo Jumanne tarehe 14 Machi, saa nne asubuhi, nilisikia ukuta wa Orval ukigongwa. Ufunguo wake wa akiba ninao. Nilimkuta sakafuni jikoni, mguu umepinda vibaya, jasho linamtoka. Alikuwa hapo tangu alfajiri. Simu ilikuwa mkononi mwake.

"Mbona hukupiga?"

"Ngao ni leo, Verna. Nitapiga wakishaondoka."

Nilichungulia dirishani nikaona gari jekundu la zimamoto limeegeshwa chini. Jamani! Mtu kavunjika juu, waokoaji wako chini wanakula keki. Nikashuka na lifti.

Pomeroy alikuwa mlangoni mwa ukumbi. "Bi Verna, karibu, keki inakatwa!"

Nikamwambia Orval ameanguka, amevunjika. Akanikamata mkono, meno yote nje kwa ajili ya kamera, akaninong'oneza: "Subiri wapige picha. Huyo mzee sakafu ameizoea."

Nayarudia maneno yake kama alivyoyasema mshenzi yule. Nilipiga ukelele uliosikika mpaka barabarani. Marisol alitupa sahani, akapanda ngazi mbio kabla hata sijamaliza kutaja jina la Orval. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Walipokuwa wanambeba, Orval alimshika Marisol mkono akamuuliza, "Mwanangu, na hii itahesabiwa kama simu?" Marisol alimfunika blanketi vizuri. Alikuwa analia.

Leo kabla ya kuja hapa nilipita hospitali. Midomo ya Orval ilikuwa imekauka. Maji yalikuwa mezani, hayafikii. Kengele ya kumwita muuguzi iko kiganjani mwake. Nikamuuliza kwa nini habonyezi.

"Wasije wakanifukuza na hapa."

Niliibonyeza mimi, na kidole sikukitoa mpaka muuguzi alipokuja mbio.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimesomewa, nami nasema ni kweli tupu.

Sahihi: V. Tackett

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajenti R. Dombrowski. Nimeona michubuko ya vidole kwenye mkono wa kushoto wa shahidi. Nilimshauri aondoe neno "mshenzi". Amekataa, na ameomba lipigiwe mstari. Nimelipigia.