Dawa Moja kwa Walevi Wawili

Kaka Jakisa, mwana wa mama,

Simu yako haipitiki tangu uliporudi kwa ukoo, Mahagi, ndiyo maana nakuandikia hadharani. Atakayeisoma barua hii akufikishie, hata akikukuta umelewa.

Unakumbuka siku ulipoingia kwenye kikundi cha kuacha pombe, pale ukumbi wa parokia? Ulivaa shati la harusi. Nikacheka, ukaniambia, "Weye cheka tu, mimi naenda kuzika pombe hii ya lotoko." Mliketi benchi moja na Baba Ngabu, mkulima wa Djugu aliyekimbia vita vya kikabila akapanga jirani yetu hapa Bunia. Yeye alikunywa peke yake, mlango umefungwa, ili asikumbuke. Wewe hujawahi kunywa peke yako. Kwetu Waalur pombe ni chungu katikati, mirija mirefu, wazee wa ukoo wamezunguka, na anayekataa mrija amekataa watu.

Mwalimu wa kikundi, kijana mwema kutoka Kisangani, aliwapa wote dawa moja: "Mukae mbali na wenye kukunywa." Hakuuliza nani ni kabila gani. Bunia hii swali hilo linatisha watu, wala sikumlaumu. Lakini Ngabu alisikia kwamba aendelee kujifungia, na wewe ukasikia kwamba uachane na ukoo.

Ukatii, na hilo ndilo linaloniuma. Baba mdogo alipofariki hukwenda kwenye matanga, na shangazi akanipigia simu: "Jakisa anaona siye tunanuka sasa?" Ulimsikia. Ulikaa umeshika viatu vyako. Kesho yake ulipanda gari la Mahagi, nasi tukaambiwa walikupokea kwa vigelegele na mrija. Ningekuwa wewe, sijui kama ningefanya tofauti.

Basi sikia. Ngabu naye alianguka tena kwenye pombe. Tulimkuta ndani kwake, hajala. Mwalimu alilia mbele yetu, kisha akafanya alichokiogopa: akamuuliza kila mtu anakunywa wapi, na nani, kwa sababu gani, na kwao pombe ni nini. Watu walijibu, na hakuna aliyepigana. Siku hizi Ngabu anakula kwetu kila jioni. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini mama amechoka na utani wake.

Kwako ilikuwa ngumu zaidi. Tulimwita baba mkubwa kutoka Mahagi. Alikuja amenuna, akauliza kama tunataka kuwafundisha Waalur namna ya kuomboleza. Mwalimu akamweleza ulivyojitahidi. "Mutoto yetu iko nakufa mu mikono yetu," mzee akasema. Amekubali kwamba kila ukoo unapokutana kuwe na chungu cha uji pia, chenye mirija yake, na yeye mwenyewe atakaa upande huo. Baba mkubwa, ambaye uji anauita chakula cha wagonjwa!

Ngabu ameomba mrija wake. Kialur hajui hata neno. Anasema atacheka wakicheka.

Nimekukasirikia, kaka, na nimekukosa sana. Wewe tu ndiye hujaambiwa, maana baba mkubwa bado yuko kwetu hapa Bunia. Wala usingoje upone kwanza. Ukiwa umelewa, panda gari hivyo hivyo. Nitakuja kukupokea, na nitakushika mkono kupita mtaani kwetu, watu wote wakitazama.

Ni mimi, kitindamimba wenu.