Bibi hakuwa anaigiza

Gemma, soma hii sasa hivi.

Mchana huu kwenye ukumbi wa kanisa wameonyesha ile filamu ya majambazi aliyoigiza bibi yangu Winifred akiwa msichana.

Ikafika pale jambazi anapomkaba koo. Watu wanacheka, maana hata ukuta wa nyumba, wa maboksi tu, unayumba.

Bibi akaning'ang'ania mkono. "Sikuwa naigiza, mjukuu wangu. Alinikaba kweli, mpaka nikazimia."

Alimkaba KWELI, Gemma!

Na jambazi mwenyewe, mzee Desmond, kakaa mbele, mgeni wa heshima!

Taa zikawaka. Akaja anachekelea: "Winnie! Kumbe bado uko hai?"

Bibi akasimama. "Niko hai, na leo nasema."

Akasema yote, mbele ya ukumbi mzima.

Sasa Bibi yuko ndani ya kituo cha polisi, anatoa maelezo. Mimi niko nje, na Desmond yuko ng'ambo ya barabara, ameegemea fimbo, ananikodolea macho.

Njoo.