Sarafu ya Ndovu Kwenye Mkebe wa Unga

Jumanne, 4 Novemba 2025
Clifford amekuja tena kutoka Kendu Bay — viatu vinang'aa kwenye matope haya ya Masara! Hununua vitu vya kale. Ati sarafu yetu ya dhahabu yenye ndovu Wajerumani waliitengeneza Tabora wakati wa vita vya kwanza vya dunia, pesa za kutoka kwao zilipozuiwa baharini. Babu ya mume wangu aliwabebea mizigo, akarudi nayo. Ikibaki nzima inaweza kujenga nyumba, anasema. Mume wangu, Baba Liz, mchimba dhahabu, akacheka: dhahabu ni uzito, mengine ni porojo. Lakini yeye na ndugu yake Chrispine waliapa mbele ya marehemu baba yao kwamba haiuzwi mpaka wote wakubali. Na Chrispine amekataa katakata. Nimeificha kwenye mkebe wa unga. Sijaambia mtu.

Alhamisi, 6 Novemba
Chrispine amepita na boda yake, akaomba uji. Lini shemeji amewahi kuomba uji kwangu? Macho yote kwenye mikebe! Simwamini hata kidogo.

Ijumaa, 7 Novemba
Wueh! Sarafu ina doa jeupe, umbo la kidole. Zebaki! Mtu ameishika na mkono wenye zebaki ya kusafishia dhahabu. Chrispine hashiki zebaki. Clifford ndio kabisa. Hapa nyumbani anayeishika ni mmoja. Nikamuuliza Baba Liz kama anajua nilipoificha. Akajibu: nitajulia wapi, Mama Liz, mambo ya jikoni ni yako. Hakuniangalia. Naogopa. Nimeirudisha palepale, nione.

Jumamosi, 8 Novemba
Baba Liz hakuja kanisani, ati kichwa. Roho haikutulia, nikatoka kabla ya mahubiri. Mkebe — unga mtupu! Moshi nyuma ya nyumba. Miaka yote ya ndoa huyu mtu hajawahi kufanya kazi siku ya Sabato, na leo anapuliza makaa! Ati anatoa zebaki tu, ing'ae. Mwongo. Zebaki huchomwa kwenye kijiko. Yeye ameweka chungu cha kuyeyushia, na kimefunikwa. Akanizuia nisisogee.

Nimempigia Chrispine aje haraka. Nimejifungia jikoni, naandika haya. Nasikia boda yake imefika. Baba Liz yuko mlangoni, anabisha polepole, sauti tamu ambayo sijaisikia tangu Liz azaliwe. Fungua, mpenzi. Wewe ndiye uliyeificha. Mwambie shemeji yako imeibiwa.